Nani Alifungua Mlango wa Shule?

Sogeeni karibu na jiko, wajukuu wangu. Baridi ya Olenguruone haiyahurumii masikio. Kesho mtapita kando ya majani chai na viazi kwenda shule, na langoni hakuna atakayewauliza kabila wala rangi. Msidhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Kila haki mnayoikuta pale, kuna watu walioidai kwanza, ndipo sheria ikafuata.

Hapa hapa petu watu waliwahi kudai haki yao. Mwaka 1941 serikali ya wakoloni iliwapa makao hapa Wakikuyu iliowaondoa katika ardhi ya Wamaasai. Ikawawekea masharti makali ya kulima na kumiliki mashamba. Wakakataa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta.

Siku zile hata shule zilitengwa: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na za Waafrika, zilizopata fedha kidogo kuliko zote. Wazazi wengi wa Kikuyu walichoka kungoja. Walichangishana, wakajenga shule huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ikaanza kuzifunga.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Mwaka uliofuata, tume ya Profesa Simeon Ominde ikapendekeza watoto wote wasome pamoja bila kujali rangi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaziweka shule, nyingi zikiwa za wamishonari, chini ya usimamizi wa serikali.

Ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini karo ikabaki. Mwaka 1974 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliifuta kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Watoto wakamiminika, madarasa yakakosa nafasi, na shule zikaanza kuwatoza wazazi pesa za majengo. Wengi wakarudi nyumbani kuchunga ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mzigo ukaongezeka, serikali ilipowataka wazazi wagawane nayo gharama.

Hatimaye, mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ikaifanya shule ya msingi yote kuwa bure. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa kaptura ya sare akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo maisha yake yote.

Hata hivyo, tangazo la rais mmoja laweza kuondolewa na mwingine. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, ilisema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikafafanua: mzazi lazima ampeleke mtoto shuleni, mwalimu haruhusiwi kumpiga wala kumdhalilisha mwanafunzi, na shule ya umma haitozi ada ya masomo. Michango mingine ikiidhinishwa, kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinakataza mtoto kunyimwa masomo kwa kushindwa kuilipa.

Masomo yenyewe nayo yamebadilika. Wazazi wenu walisoma mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Ninyi mnasoma mtaala wa umilisi, na mtihani wa KCPE wa mfumo ule wa zamani ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023.

Wajukuu wangu, sheria isiyojulikana haimlindi mtu. Mkiona mwenzenu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa, msimcheke. Mwambieni mzazi wake aende kwa mwalimu mkuu, na asiposikizwa aende ofisi ya elimu, akitaje kifungu cha 29. Waliodai shule kabla yenu hawakuwa na kifungu cha kutaja. Ninyi mnacho, kitumieni.