Nimzidishie Saa Ngapi?

Kila uanzapo muhula, hapa Chake Chake na hata niendapo Wete au Konde, hakosi mzazi wa kunishika mkono baada ya sala akaniuliza: "Maalim, mwanangu hana kichwa cha hisabati, nimzidishie saa ngapi za tuisheni?" Nimelijibu swali hilo kwa upole miaka mingi, na leo naomba radhi nikilijibu kwa ukali, kwani lawapotezea watoto wakati na wazazi fedha.

Niliwahi kuletewa mtoto wa darasa la sita ambaye kwa mwaka mzima, kila alasiri, alikaa tuisheni katika chumba cha watoto arubaini wakinakili ubaoni majibu ya mitihani iliyopita. Nilimtaka ajumlishe nusu na robo. Naye, pasi na kusita, akaandika 2/6, yaani sudusi mbili, kwa kuwa alijumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Nikaleta kibaba tukapima mchele: nusu pishi vibaba 2, robo pishi kibaba 1, jumla vibaba 3, nayo ni robo tatu ya pishi. Kisha nikamwuliza iwapo sudusi mbili, ambazo ni thuluthi, zaweza kuwa jumla ya kitu kilichoanzia nusu. Akanyamaza kitambo, akautazama mchele, akalifuta jibu lake mwenyewe. Mtoto huyu, ambaye katika chuo cha Kurani amekwisha kujua kwamba mjane hurithi thumni iwapo marehemu ameacha mtoto, aliitwa mzito wa kichwa kwa kosa moja ambalo hakuna aliyelitazama, na kila saa ya kunakili ikazidi kulikaza.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake, akisahihishwa papo hapo na asivushwe kabla hajafahamu, aliwapita asilimia 98 ya waliosoma katika darasa la kawaida. Wataalamu waliomfuatia wamepata faida iliyo ndogo kuliko hiyo, walakini faida ipo. Ama tuisheni ya watu arubaini, hiyo ni darasa la pili la kulipia.

Basi mtafuteni mtu mmoja, hata kijana wa kidato cha sita wa mtaani, amfundishe mwanenu peke yake au na wenziwe wawili, nusu saa mara mbili kwa wiki, na amtake aeleze kila hatua kwa mdomo. Likiwa somo ni takwimu, mtoto aandike pishi za karafuu zilizochumwa kila siku, atafute wastani. Likiwa ni kompyuta, na mashine hamna, aandike programu kwa kalamu na kuifuata mstari kwa mstari mpaka aone inapokwama.

Na kabla hamjalipa mwezi wa pili, mwulizeni mwalimu huyo mwanenu anakosea wapi. Asipoweza kuwaonyesha, msimlipe.