Kimbunga kikitangazwa, fedha yako ianzie wapi?

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania na kuipiga Mafia, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari, na mvua kubwa ikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi wilayani Kilwa. Miaka mitano nyuma, Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, mlangoni kwa watu wa Mtwara. Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952. Ukaribu wetu na ikweta hufanya vimbunga viwe adimu, lakini vinakuja, na vinamkuta mwenye kipato kidogo akiwa hana cha kujikinga.

Tuchukue kaya ya watu sita inayojiandaa kwa siku tano bila bomba, umeme wala duka. Bei zilizotajwa hapa ni za makadirio. Za mtaani kwako ndizo za kufanyia hesabu.

Paa

Hapa ndipo shilingi hufanya kazi kubwa zaidi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Upepo huanza na kingo za paa na kofia yake, na bati moja likishang'oka, mengine hufuata.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza misumari ya bati kwenye kingo na kwenye kofia. Ni ya bei ndogo na fundi huimaliza kwa muda mfupi. Ya pili ni kufunga kenchi kwenye linta kwa waya mnene wa mabati, ili paa lishikane na ukuta. Ya tatu ni kubadili mbao zilizooza, ambayo ni ghali lakini haikwepeki, kwa kuwa msumari hauwezi kushika mbao iliyoliwa na mchwa. Kama mbao zako bado ni nzima, anza na mbili za kwanza. Kilo ya waya ni rahisi kuliko bati moja jipya, sembuse paa zima. Usitegemee mawe wala matairi yaliyopangwa juu ya bati: upepo mkali ukiyaangusha, yanaweza kuua mtu.

Kama nyumba ni ya makuti au iko ufukweni, usimwage fedha kwenye matengenezo ya dharura. Hakuna msumari unaozuia bahari kupanda. Tenga nauli ya kwenda kwa ndugu anayeishi mwinukoni, au jua mapema ni shule au msikiti gani imara ulio karibu, na uondoke kabla magari hayajaacha kupita.

Maji

Kwa lita tatu za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, kaya yetu inahitaji lita 90. Ukinunua chupa za lita 1.5 kwa Sh1,000 moja, ni chupa 60, yaani Sh60,000, na zikiisha zimeisha. Madumu matano ya lita 20, kila moja kwa Sh5,000, ni Sh25,000. Yanabeba lita 100 na yatakufaa kwa miaka. Ongeza dawa ya kutibu maji, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti, kwa sababu mafuriko huingiza uchafu visimani.

Simtank la lita 1,000 ni zuri kwa mwenye uwezo, lakini liwe limejaa na limekaa chini. Likiwa tupu, upepo hulibeba. Kwa wengi wetu, madumu yanatosha.

Mwanga na habari

Mshumaa ni rahisi dukani, ila ndani ya nyumba inayopigwa na upepo, pamoja na watoto, ni hatari ya moto. Koroboi vivyo hivyo. Taa ndogo ya sola ina bei ya juu mwanzoni, kisha haidai mafuta wala betri. Sharti lake ni kuichaji kabla mawingu hayajatanda. Kama haiwezekani, nunua tochi ya betri na betri za akiba. Redio ndogo ya betri ina thamani kubwa kuliko simu ya pili, maana minara ya simu nayo huzimika, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania lazima zikufikie.

Kupikia na chakula

Kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 hupita Sh20,000, na hutumika hata baada ya dhoruba. Mkaa unanunulika kidogo kidogo, lakini ukilowa haufai, na ukiuwasha ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini. Mwenye gesi aijaze mapema. Asiye nayo atunze mkaa mkavu kwenye ndoo yenye mfuniko na apikie penye hewa.

Unga, mchele na maharage si gharama mpya. Ni chakula cha wiki ijayo kilichonunuliwa mapema. Ongeza visivyohitaji moto: karanga, tende, biskuti, dagaa wa kukaanga. Weka vyeti, vitambulisho na kadi za kliniki kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana.

Uamuzi

Mwenye Sh30,000 anunue misumari na waya, kisha madumu mawili. Mwenye Sh80,000 aongeze madumu hadi matano, dawa ya maji na tochi. Mwenye zaidi ya hapo aongeze gesi, taa ya sola na kubadili mbao mbovu. Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Hindi kusini-magharibi huanza Novemba. Mwite fundi Oktoba, wakati bado ana nafasi na bei ya misumari haijapandishwa na hofu ya watu.