Mbwa Mzee Asiye na Mwenyewe

Je, jirani yako hapo Mapinga amehama na kumwacha mbwa wake mzee? Usimtupie jiwe. Huko Nairobi chama cha KSPCA hutunza mbwa walioachwa na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Kwako kazi hiyo yaweza kuwa yako.

Mbwa wa miaka saba na zaidi mara nyingi ametulia. Hatafuni viatu kama mtoto wa mbwa. Lakini mtazame kwanza. Akitokwa udenda, au akiwa mkali ghafla, usimguse. Mwite bwana mifugo. Akiwa mzima, achanjwe kichaa cha mbwa kabla watoto hawajamzoea, nawe utunze cheti na kurudia chanjo kwa wakati wake. Dalili za ugonjwa huo zikishatokea, mtu huwa haponi. Kwa hiyo mtoto aking'atwa, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, mkampeleke hospitali siku ile ile.

Meno yake yakiwa mabovu, mlainishie ugali kwa mchuzi wa samaki, ukitoa miiba. Maji na kivuli asikose. Ujanani alilinda nyumba ya mwenzako. Uzeeni apumzike kwako.