Mlinzi wa Jicho Ana Jina la Kiswahili

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Waliwazia tamaa ya kutazama, lakini usemi huo watufaa hata katika somo la biolojia. Mchana kutwa jicho liko wazi kwa vumbi, moshi, chavua na viini vya kila namna, na bado siku nyingi halidhuriki. Hulindwa na nini?

Swali hili lilinijia siku mwanafunzi wangu mmoja alipoingia darasani macho yamemwiva kama pilipili. Kwa majuma kadhaa alikuwa akitia matone aliyouziwa dukani bila cheti cha daktari. Nilipomwuliza kama alifundishwa kazi ya vipokezi vya seli, alinikariria fasili nzima kwa Kiingereza. Nilipomtaka aieleze kwa maneno yake, alinyamaza.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kitenzi ni pokea. Mpokezi ni mtu, yule anayemlaki mgeni ofisini na kuwaarifu walio ndani. Tukibadilisha kiambishi m- kiwe ki-, tunapata kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo katika seli. Kipokezi ni protini inayomtambua mgeni mahsusi, mithili ya kufuli na ufunguo wake, kisha ikapeleka habari ndani.

Baadhi ya vipokezi huitwa vya jamii ya Toll, neno la Kijerumani lenye maana ya “ajabu”, ambalo kwanza lilipewa jeni ya inzi wa matunda. Mnamo 1996 Jules Hoffmann na wenzake walionyesha kwamba jeni hiyo humkinga inzi dhidi ya kuvu. Mwaka 1998 Bruce Beutler akagundua katika panya kipokezi cha jamii hiyo kitambuacho sumu ya bakteria. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011.

Katika konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kipokezi kitambuacho mikia ya bakteria hakikuwekwa tabaka la juu kabisa, bali tabaka za chini yake. Bakteria apitaye juu hazui zogo. Konea ikichubuka naye akapenya, ndipo mbiu hupigwa: mishipa ya damu hutanuka, chembe nyeupe humiminika, na jicho huwa jekundu. Huo ndio mchochota.

Mzio nao una njia yake. Chavua au vumbi huzichochea seli za masti zimwage histamini, nayo hushika vipokezi vyake katika neva na mishipa, jicho likawasha. Kulifikicha huzidisha mambo. Matone ya kuzuia histamini huziba tundu la kufuli hiyo, hayaui bakteria. Matone ya steroidi huingia ndani ya seli, yakashika vipokezi vingine na kuinyamazisha mbiu yenyewe. Wekundu hutoweka, mgonjwa akashukuru. Lakini ikiwa konea imevamiwa na virusi au kuvu, adui hustawi kimyakimya. Tena, yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi, matone hayo yaweza kuleta mtoto wa jicho, au kupandisha presha ya jicho na kuharibu neva ya kuonea. Uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi.

Daktari wa macho alipoisoma chupa ya mwanafunzi wangu, aligundua kuwa ni steroidi. Alimwahi kabla ya madhara.

Sidai mitihani ya sayansi ibadilishwe lugha kesho. Nawaomba walimu dakika tano tu: baada ya fasili ya Kiingereza, mwulizeni mwanafunzi aieleze kwa Kiswahili, kana kwamba anamweleza nyanyake. Akishindwa, hajaelewa bado, hata akipata alama zote. Nanyi wanafunzi, jicho likiwa jekundu, ulizeni kwanza ni mbiu gani inayopigwa, na anayeweza kuwajibu ni daktari, si mwenye duka.