Himofilia: Kipimo cha Vinasaba Kianze kwa Nani?

Himofilia A ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na upungufu wa protini ya kugandisha damu namba 8. Humpata takribani mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 5,000. Kinasaba cha protini hiyo, F8, kimo katika kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu. Ikiwa na hitilafu, huugua. Mwanamke anazo mbili, hivyo aweza kuibeba hitilafu bila dalili na kuirithisha.

Tuchukulie familia ya wakulima wa mpunga huko Madibira, wilayani Mbarali: kaka ana himofilia kali, dada yake ni mjamzito. Je, dada ni mbebaji? Kupima kiwango cha protini hakutoshi, maana mbebaji aweza kuwa na kiwango cha kawaida. Jibu la hakika limo katika vinasaba, na upimaji huanzia kwa kaka.

Maabara hutafuta kwanza hitilafu ya mgonjwa. Karibu nusu ya wenye himofilia A kali wana kipande kikubwa cha F8 kilichogeuka. Hicho hutazamwa mwanzo. Kisipoonekana, husomwa sehemu zote 26 zenye maelekezo ya kuunda protini. Ikishajulikana hitilafu ya kaka, kwa dada hutafutwa hiyo hiyo tu. Bila jibu la kaka, kutoonekana kitu kwa dada hakumwondolei shaka.

Kutoka Madibira, njia moja hupitia Rujewa kwenda Mbeya, nyingine hupanda Mafinga kuelekea Iringa. Safari hizo ni gharama. Hivyo mhudumu wa zahanati aandike mapema ukoo wa mgonjwa upande wa mama, na rufaa iwataje kaka na dada pamoja.

Majibu yakichelewa, uzazi upangwe kana kwamba mtoto wa kiume aweza kuwa na himofilia: asivutwe kwa vakumu, damu ya kitovu ipimwe, sindano za msulini zisubiri ushauri wa daktari, na tohara iahirishwe.

Takribani theluthi moja ya wagonjwa hawana historia ya ugonjwa huu katika ukoo. Basi mama asilaumiwe, wala asitafutiwe mchawi. Majibu ya kaka yatunzwe vyema. Wapwa zake wa kike watayahitaji watakapofikia umri wa kuzaa.