Kiangazi kinaisha: majuma manane yanayoamua mavuno

Pita asubuhi kwenye barabara ya Likasi kwenda Kambove katika mwezi wa kenda, utaona jambo la kushangaza. Mvua imekatika tangu mwezi wa nne. Udongo umekauka kama tofali, vumbi limefunika nyumba na majani. Lakini pale msituni miombo inatoa majani mapya, mekundu kama shaba. Miti haikungoja mvua ndipo ianze kazi. Imejitayarisha mbele, na mvua itaikuta tayari.

Sisi wakulima mara nyingi tunafanya kinyume. "Nitaanza tu siku mvula itaanguka", njo vile tunasema. Halafu mvua inaanguka katikati ya mwezi wa kumi na moja, na watu wote wanakimbia siku moja: kutafuta mbegu, kutafuta mbolea, kutafuta watu wa kulima. Wauzaji wanajua, bei inapanda. Wengine wanafika mwisho wa mwezi wa kumi na mbili wangali wanasafisha shamba. Mahindi yaliyochelewa hivyo yanapata mvua fupi, na yanaliwa zaidi na kiwavi jeshi, mdudu huyu aliyeingia nchini kwetu karibu na mwisho wa mwaka 2016 na ambaye hajaondoka.

Katika Haut-Katanga mwaka una sehemu mbili. Mvua nyingi inanyesha kuanzia Novemba mpaka Machi. Kuanzia Mei mpaka Septemba ni kiangazi. Oktoba na Aprili ni miezi ya mpito. Kwa hiyo, kutoka katikati ya Septemba mpaka mvua ya kweli, tuna karibu majuma manane. Habari hii ni juu ya hayo majuma manane. Mwanamemba wa koperative anayeyatumia vizuri amekwisha kupata nusu ya mavuno yake kabla hajatia mbegu hata moja.

Kwanza, hesabu gunia zako

Septemba ni mwezi wa masomo. Watoto wanarudi shuleni, wazazi wanatafuta makuta. Gunia la mahindi liko pale nyumbani, na mnunuzi anapita na lori. Tunauza. Hakuna anayeweza kumlaumu mzazi. Lakini mwezi wa kwanza, wakati kazi ya kupalilia ni kubwa na tumbo linataka bukari, yule yule aliyeuza ananunua unga ku soko, tena kwa bei ya juu kuliko ile aliyouzia.

Tena soko letu halitegemei mashamba yetu peke yake. Unga na mahindi mengi yanaingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia. Kule kukikauka, huku tunasikia njaa. Tunakumbuka mwaka 2024: ukame ulipiga Zambia, na mwezi wa pili rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa. Mwenye gunia nyumbani mwaka ule alilala. Asiye nalo hakulala.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza, kaeni mama na baba pamoja mpige hesabu. Tuchukue mfano wa jamaa ya watu saba inayopika kilo 3 za unga kwa siku. Kutoka Novemba mwanzo mpaka Februari mwisho ni siku 120. Hiyo ni kilo 360, karibu gunia nne za kilo 100. Gunia hizo nne ziwekeni pembeni, zisiguswe. Zinazobaki ndizo za kuuza. Na kama zote haziwezi kubaki, afadhali kujua leo kuliko kujua mwezi wa kwanza, kwa sababu leo dembo lingali na maji.

Angalieni pia hali ya mahindi yenyewe. Oktoba ni mwezi wa joto kuliko yote, na joto linazalisha bungu. Fungueni magunia, yaanikeni mahindi juani juu ya turubai, pepeteni, tupeni yaliyotoboka. Kujua kama yamekauka vya kutosha, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yangali na maji: rudisha juani. Ikianguka chini yote, yako tayari. Kisha yatie katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa au pipa lenye kifuniko cha kukaza. Bungu bila hewa anakufa, hata bila dawa.

Dembo: bustani ya mwisho, na mahindi ya Desemba

Bonde la maji, lile tunaloita dembo, ni hazina ya mwisho wa kiangazi. Juu kote kumekauka, lakini pale ukichimba kidogo unapata unyevu. Kuna kazi mbili za kufanya hapo.

Ya kwanza ni mboga za haraka. Lengalenga unaanza kuchuma juma la tatu au la nne baada ya kusia. Ukisia katikati ya Septemba, utasia tena na kuchuma tena kabla ya mvua kubwa. Matembele yanaendelea kutoa majani mradi yana maji. Shu ya Kichina ihamishwe kutoka kitaluni sasa, si Oktoba mwisho. Nyanya mpya usizianze tena: zitakomaa ndani ya mvua, na ukungu utazimaliza. Zile zilizopandwa mwezi wa nane ndizo utavuna Oktoba, na hizo zitafute bei nzuri.

Ya pili wengi wanaisahau: mahindi ya kula mabichi. Ukipanda kipande kidogo cha mahindi ndani ya dembo mapema Septemba, ukakimwagilia mpaka mvua ije, mwezi wa kumi na mbili watoto wanakula mahindi ya kuchoma wakati mashamba ya juu yangali yanafika magotini. Weka na maboga katikati yake. Majani ya maboga ni mboga, boga lenyewe ni chakula. Usipande pale chini kabisa ambapo maji husimama mvua ikizidi. Panda pembeni, kwenye kimwinuko.

Neno moja la tahadhari kwetu watu wa Likasi. Si kila maji ni ya kumwagilia. Mto unaopita karibu na kiwanda cha shaba, au mahali wanaposafishia mawe ya madini, unabeba vitu ambavyo jicho halioni na ambavyo mboga inavinywa. Hapo bora uchimbe kisima mbali na mto huo. Na mboga zote za msimu wa vumbi zioshwe mara mbili kwa maji safi kabla ya kupika.

Zikizidi, usiziache zioze. Majani ya maharagi, matembele na lengalenga unaweza kuyachovya dakika mbili tatu ndani ya maji yanayochemka yenye chumvi, kuyakamua, kuyaanika kwenye kivuli chenye upepo mpaka yavunjike mkononi, kisha kuyafungia mahali pakavu. Jua kali linaua rangi na nguvu ya mboga, njo maana tunasema kivuli.

Shamba: usichome, chimba

Septemba na Oktoba ni miezi ya moto. Mtu anawasha majani ya shamba lake, upepo unachukua, jioni msitu mzima umewaka na shamba la jirani nalo. Moto unafanya shamba lionekane safi, hiyo ni kweli. Lakini mabua yale yalikuwa chakula cha udongo na blanketi yake wakati mvua kali inapiga. Yalaze tu katikati ya mistari. Kuzunguka shamba fagia ukanda wa mita tano usio na majani, ili moto wa wengine usifike kwako. Na miti ile inayochomwa makala ndiyo inayotuletea vinkubala na uyoga mvua ikianza. Tukiimaliza, na hivyo tutavinunua.

Kisha chimba mashimo ya kupandia, kazi ambayo jirani zetu wa Zambia wameizoea tangu miaka mingi. Shimo moja ni urefu wa sentimeta 30, upana wa jembe, karibu sentimeta 15, na kina cha sentimeta 20. Kutoka shimo hadi shimo ndani ya mstari ni sentimeta 70, kutoka mstari hadi mstari ni 90. Faida yake ni tatu: hulimi shamba zima, maji ya mvua ya kwanza yanakusanyika penye mbegu, na mbolea inakaa pale pale.

Robo ya hekta inachukua mashimo karibu 4.000. Usiogope namba. Ukichimba 100 kila asubuhi kabla jua halijawaka, ni siku 40. Majuma manane yanatosha na Jumapili unapumzika. Lakini ukianza Novemba, hayatoshi.

Mara nyingi udongo wetu ni mwekundu, wenye asidi, na hauna fosforasi ya kutosha. Kwa hiyo shimo lisibaki tupu. Tia:

– Samadi iliyooza au mboji, konzi mbili kwa kila shimo. Samadi mbichi ya kuku isitiwe, itaunguza mbegu.
– Chokaa ya kilimo, kijiko kimoja kikubwa, sasa na si siku ya kupanda, kwa sababu inataka muda. Mawe ya chokaa ya Kakontwe hayako mbali nasi. Tuulizane katika koperative nani anauza iliyosagwa laini.
– Asiyepata chokaa wala samadi achukue udongo wa kichuguu kikubwa. Wazee wetu walijua kwamba mahali pa kichuguu panazaa: udongo ule una chokaa zaidi kuliko wa shambani. Uponde, utie konzi mbili.

Kisha rudisha udongo kidogo, ukiacha shimo na kina cha vidole vinne.

Mbegu: ijaribu kabla haijakuaibisha

Mbegu inaweza kuwa nzuri kwa macho na imekufa ndani. Chukua punje 100, zipange juu ya kitambaa chenye maji, kunja, weka ndani ya sahani kivulini, uwe unanyunyizia kila siku. Siku ya saba hesabu zilizoota. Zikiwa 85 au zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiwa kati ya 70 na 85, ongeza punje moja kwa shimo. Chini ya 70, hiyo mbegu usiipande, utafute nyingine.

Mbegu ya chotara uliyovuna mwaka jana usiirudishe shambani, nguvu yake imeshuka. Zile aina za kawaida unaweza kuzihifadhi mwenyewe miaka michache, ukichagua masuke makubwa kutoka katikati ya shamba. Unaponunua, tafuta mfuko wenye kibandiko cha SENASEM, na usinunue mbegu iliyomwagwa mezani ku soko. Kwa robo ya hekta, punje nne kwa shimo, kilo 5 zinatosha.

Koperative ni mikono na ni bei

Kazi hii mtu mmoja inamchosha. Tufanye likelemba ya mikono: wanamemba kumi wakichimba 100 kila mmoja, ni mashimo 1.000 kwa asubuhi moja. Siku nne, robo ya hekta ya mama mmoja imekwisha. Majuma saba, wote kumi wamemaliza. Waanze na wajane, wagonjwa na wazee, si na rais wa koperative.

Mbolea ya dukani nayo tuiagize pamoja, kabla Oktoba haijaisha. Kwa mashimo 4.000, vifuniko viwili vya chupa ya bia vya NPK 10-20-10 kwa kila shimo, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Kila mwanamemba alete mchango wake kwa mweka hazina, aandikwe, apewe risiti. Mwenye kukosa makuta ya mfuko mzima agawane na mwenzake. Mnunuzi mmoja wa mifuko 40 anasikilizwa dukani; wanunuzi 40 wa mfuko mmoja mmoja hawasikilizwi.

Mvua ya kwanza itakudanganya

Oktoba kunaweza kuanguka mvua ya siku moja, vumbi linalala, watu wanafurahi na kupanda. Halafu jua linarudi majuma mawili, mbegu inaota na kufa. Ngoja. Ingiza mkono ndani ya shimo: udongo ukiwa umelowa mpaka kina cha kiganja kizima, na mawingu yanaendelea kurudi, hapo panda. Kwetu hiyo ni mara nyingi kuanzia katikati ya Novemba. Jitahidi umalize kabla ya katikati ya Desemba.

Kungoja hivyo si uvivu, maana mashimo yako yamechimbwa, mbegu imejaribiwa, mbolea iko chini ya kitanda, na gunia nne ziko pembeni. Siku ile wengine wakikimbia kutafuta jembe, wewe utaamka, utaangalia mbinguni kama miombo, na utaanza kupanda.

Mkutano unaokuja wa koperative kila mmoja aje na jibu la maswali matatu: nyumbani kumebaki gunia ngapi, mashimo mangapi yamechimbwa, na punje ngapi zimeota katika 100. Kazi njema, wamama na wababa. Tutaonana mashambani.