Kocha wa tenisi chuoni: anafanya kazi gani, na inamhusu vipi mzazi wa Kitengela

Julai 2022, Angella Okutoyi na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walishinda taji la chipukizi la wachezaji wawili wawili huko Wimbledon, Uingereza. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la mashindano makubwa ya Grand Slam kabla yake. Mapema mwaka uliofuata binti huyo alikuwa darasani katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, akisoma na kuichezea timu ya chuo. Mwaka 2024 alirudi kuvaa jezi ya Kenya na kutwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika, Accra.

Wazazi wengi waliosoma habari hizo waliuliza swali moja: mtoto anafikaje chuo kama hicho, na nani anayeamua? Anayeamua, kwa sehemu kubwa, ni kocha. Katika vyuo vya Marekani kocha mkuu wa tenisi ndiye pia huendesha mpango mzima wa mchezo huo chuoni. Hutafuta wachezaji, hugawa nafasi za ufadhili, hupanga bajeti, safari na ratiba ya mechi, hufuatilia alama za masomo za kila mchezaji, na jioni huingia uwanjani kufundisha. Sheria za chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, humruhusu kuwafanyisha wachezaji wake mazoezi na mechi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa msimu. Saa zake mwenyewe hazina kikomo.

Mfano mzuri wa maisha ya kazi hiyo ni wa zamani kidogo. J.D. Morgan alikuwa mwanafunzi na mchezaji wa tenisi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akafanya kazi katika ofisi ya fedha ya chuo hicho hicho, kisha akawa kocha wa timu. Mwaka 1963 aliteuliwa mkurugenzi wa michezo yote ya chuo, lakini hakuiacha timu yake ya tenisi mara moja. Miongoni mwa vijana aliowapa ufadhili alikuwamo Arthur Ashe, Mmarekani mweusi kutoka Richmond, Virginia, mji ambako viwanja vizuri vya tenisi vilikuwa vya wazungu pekee. Mwaka 1965 Ashe alishinda ubingwa wa vyuo na timu ya Morgan ikachukua taji la taifa. Mwaka uliofuata Ashe alihitimu shahada ya usimamizi wa biashara, na mwaka 1975 akawa bingwa wa Wimbledon. Alifika Kenya mwaka 1970 pamoja na Stan Smith katika ziara ya Afrika. Mwaka 1971, akiwa Yaoundé, Cameroon, alimwona mtoto wa miaka 11 akicheza vizuri, akasaidia apelekwe Ufaransa kwa mafunzo. Mtoto huyo, Yannick Noah, alishinda mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 1983. Uamuzi wa kocha mmoja wa chuo ulikuwa umefika mbali.

Ili kuelewa kocha anatafuta nini, ni vyema kujua mechi ya vyuo inavyochezwa. Kwanza huchezwa mechi tatu za wawili wawili. Timu inayoshinda mbili hupata pointi moja. Kisha huja mechi sita za mmoja mmoja, kila moja pointi moja. Jumla ni pointi saba, na anayefika nne ameshinda. Kwa hiyo mchezaji wa nafasi ya sita ana uzito sawa na nyota wa nafasi ya kwanza. Kocha hahitaji mabingwa sita. Anahitaji vijana sita au zaidi wanaojituma, wanaofaulu mitihani na wasioleta fujo hostelini. Hapo ndipo kijana ambaye si bingwa wa taifa anapopata mlango.

Kuhusu fedha, lazima wazazi wawe macho. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili wa wachezaji 8, na ya wanaume 4.5 tu, ambao kocha aliweza kuugawa vipande vipande. Utaratibu huo umebadilika tangu 2025, na kila chuo sasa kina mpango wake. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa vinaweza kusaidia kutokana na alama au hali ya familia. Mzazi akiambiwa "mtoto amepata skolashipu", aulize ni asilimia ngapi, ni ya miaka mingapi, na kama inalipia chakula na malazi. Kocha wa chuo hauzi nafasi. Anayedai pesa kwa niaba ya kocha ili "kushikilia nafasi" atiliwe shaka, na barua yoyote ithibitishwe na chuo chenyewe kabla ya familia kuuza ng'ombe au ploti. Fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo, si na wakala.

Jambo jingine linaloumiza vijana ni muda. NCAA huangalia masomo 16 ya msingi ya sekondari, kwa hiyo alama za sekondari zina kazi tangu mwanzo. Kijana anayekaa nyumbani muda mrefu baada ya shule huku akishiriki mashindano anaweza kupunguziwa misimu ya kucheza chuoni. Sheria hizi hubadilika mara kwa mara. Zisomwe zilivyo mwaka husika.

Hapa nyumbani njia ni tofauti. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya ofisi moja ya michezo hubeba kila kitu, kuanzia kandanda hadi tenisi. Anayetaka ukocha huanza na kozi za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, kupitia Tennis Kenya, akianzia ngazi ya kufundisha wanaoanza na kupanda polepole. Shahada ya elimu ya viungo husaidia, na anayejua hesabu za bajeti hufika mbali zaidi.

Ugumu mkubwa kwa Kitengela ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 mjini humo, na nyumba zimeendelea kuota tangu hapo. Uwanja kamili wa tenisi, pamoja na nafasi ya kukimbia pembeni, unahitaji takriban futi 60 kwa 120. Ploti ya kawaida ya 50 kwa 100 haitoshi. Udongo wetu mweusi nao huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hivyo uwanja usiochimbwa msingi mzuri hupata nyufa mapema. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka michezo na vifaa vyake miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo ni haki ya mkazi kuliuliza jambo hili katika vikao vya bajeti vya wadi.

Hata hivyo mtoto wa miaka sita hahitaji uwanja kamili. Mpira mwekundu wa ITF huenda polepole kwa asilimia 75 kuliko wa kawaida, na huchezewa kwenye eneo la mita 11 kwa 5.5 hivi. Kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa gwaride la shule inatosha kuwa neti. Wa rangi ya machungwa, wenye kasi pungufu kwa asilimia 50, hufuata akifika miaka minane, kisha wa kijani, kabla ya mpira wa manjano.